Mwinuko wa Changamwe: Historia ya Injini ya Reli Iliyohifadhiwa



Tarehe 8 Februari 1956, basi jekundu la ghorofa lenye namba RM1 lilianza kubeba abiria katika barabara za London. Lilikuwa basi la majaribio, la kwanza kabisa la aina ya Routemaster. Ndugu zake waliofuata walitumikia jiji lile kwa karibu nusu karne, mpaka tarehe 9 Desemba 2005 walipoondolewa katika njia za kawaida. RM1 halikukatwakatwa likauzwa vyuma chakavu. Liko hadi leo mikononi mwa Makumbusho ya Usafiri ya London, na mamia ya mabasi mengine ya aina yake yamenunuliwa na wapenzi wa mabasi, wanaotumia siku zao za mapumziko kuyapaka rangi, kuyatafutia vipuri na kuyaendesha siku za maonyesho. Kwa Mwingereza, kuhifadhi basi la ghorofa ni kuhifadhi kumbukumbu ya kondakta, ya dereva na ya abiria aliyekuwa akienda kazini.

Wakati RM1 linaanza kazi, kiwanda cha Beyer Peacock kilichokuwa mtaa wa Gorton, jijini Manchester, kilikuwa katika awamu za mwisho za kutengeneza injini 34 za mvuke. Injini hizo hazikukusudiwa kwenda kokote Uingereza. Ziliagizwa na East African Railways and Harbours, shirika la reli na bandari la Kenya, Uganda na Tanganyika, na kazi yake ya kwanza na kubwa kuliko zote ilikuwa kuvuta shehena kutoka bandari ya Kilindini, kuvuka Makupa, kupanda Changamwe na kufika Nairobi. Zilijulikana kama daraja la 59. Kati ya zile 34, zimebaki mbili tu. Mhadhara huu unahusu hasa moja kati ya hizo mbili, injini namba 5918 iitwayo Mount Gelai.

Injini hiyo imetunzwa Nairobi, na waliofanya kazi ya kuitunza wanastahili shukrani. Lakini kilichotunzwa ni chuma. Kazi ya watu walioiendesha, walioipa maji na mafuta, waliofunga mabehewa yake na kuitengenezea njia, bado haijatunzwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika huku ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Milango mitatu ya kisiwa

Mombasa ni kisiwa, na kila anayetoka au kuingia hupitia mojawapo ya milango mitatu. Upande wa kusini ni Likoni, ambako feri imekuwa ikivusha watu tangu mwaka 1937. Upande wa kaskazini ni Nyali na Kisauni, ambako daraja la kuelea lilifunguliwa mwaka 1931 na kutumika hadi daraja la sasa la zege lilipokamilika mwaka 1980. Upande wa magharibi ni Makupa, na ng'ambo ya Makupa ni Changamwe.

Likoni na Nyali ilikuwa milango ya watu na magari. Makupa ulikuwa mlango wa reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza mwaka 1896, mojawapo ya kazi za mwanzo ilikuwa kuivusha njia kutoka kisiwani hadi bara kwa daraja lililopewa jina la Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa siku zile. Reli ilifika mahali palipokuja kuwa jiji la Nairobi mwezi Mei 1899, na ufukwe wa Ziwa Victoria, Kisumu, mwezi Desemba 1901. Tangu hapo, kila gunia la kahawa ya Uganda lililosafiri kwa reli kuja kupakiwa Kilindini, na kila mtambo na kila pipa la mafuta lililokwenda bara kwa njia hiyo, lilipita Changamwe.

Kupita huko hakukuwa jambo jepesi. Pale Makupa reli iko karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu yake, umbali wa kilomita zipatazo 530. Na treni haikupewa nafasi ya kupasha misuli moto: mara tu ilipovuka maji, ardhi ilianza kuinuka. Kutoka Changamwe kupitia Miritini hadi Mazeras, njia hupanda kwa kiwango cha mita moja na nusu kwa kila mita mia. Mwenda kwa miguu hauhisi mwinuko huo. Treni ya mizigo yenye tani 1,200 inauhisi kwa kila bolti, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko wa tairi juu ya lami.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwinuko huo uligeuka kuwa tatizo la eneo zima. Biashara ilikua haraka, meli zikaongezeka, na shehena ikarundikana bandarini kwa sababu reli haikuweza kuiondoa kwa kasi iliyokuwa ikishushwa. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na zile za Tanganyika kuwa shirika moja. Shirika hilo jipya lilikabiliwa na swali gumu: jinsi ya kuvuta treni nzito zaidi juu ya reli nyembamba, yenye upana wa mita moja tu, iliyojaa kona na miinuko.

Ubunifu wa Garratt

Jibu lilikuwa limeshabuniwa miaka arobaini kabla. Mwaka 1907 mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt, alipewa hataza ya namna mpya ya kuunda injini ya mvuke, na mwaka 1909 kiwanda cha Beyer Peacock kikatengeneza mbili za kwanza kwa ajili ya kisiwa cha Tasmania, Australia.

Katika injini ya kawaida, boila hukaa juu ya magurudumu yanayovuta. Kwa hiyo boila haiwezi kunenepa kupita kiasi, na tanuri la moto hubanwa katikati ya magurudumu. Garratt aliyatenganisha mambo hayo. Alitengeneza vikosi viwili vya magurudumu, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja na silinda zake. Kisha akaining'iniza boila katikati yao juu ya fremu ndefu, mfano wa machela inayobebwa na watu wawili. Chini ya boila hakuna gurudumu. Boila inaweza kuwa nene na fupi, tanuri likawa pana na refu kwenda chini, hewa ikapita vizuri na moto ukawaka sawasawa. Injini ikifika kwenye kona, kila kikosi hugeuka peke yake kwenye mhimili wake, na uzito wote hugawanyika juu ya magurudumu mengi ili reli isiumie.

Kwa nchi zenye reli nyembamba, milima na kona, hapakuwa na ubunifu ulio bora zaidi. Reli ya Kenya na Uganda ilipokea Garratt zake za kwanza mwaka 1926, na kwa miaka thelathini iliendelea kuagiza kubwa na kubwa zaidi. Daraja la 59 ndilo lililokuwa kilele. Zilifika kati ya mwaka 1955 na 1956, na hakuna injini za mvuke zilizopata kujengwa popote duniani kwa reli ya upana wa mita moja zilizozipita kwa uzito wala kwa nguvu.

Anayesimama leo kando ya Mount Gelai katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi anaelewa maana ya maneno hayo kabla hajasoma kibao chochote. Injini ina urefu wa karibu mita 32. Mbele kuna tangi la maji lililoinama kidogo mabegani, kisha kikosi cha kwanza cha magurudumu. Katikati ni boila yenye kipenyo cha karibu mita mbili na robo, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli inayoibeba, kiasi kwamba mtu mrefu akiwa ndani yake angesimama wima. Nyuma ya boila ni chumba cha dereva, kisha tangi la mafuta na kikosi cha pili. Magurudumu yake yanayovuta ni kumi na sita. Ikiwa imejazwa, ilibeba takriban lita 39,000 za maji na lita 12,000 za mafuta mazito, na ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 256. Rangi yake ni nyekundu iliyoiva, rangi ya shirika lake, na ubavuni kuna kibao cha jina.

Kila injini ya daraja hilo ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki: Mount Kenya, Mount Elgon, Mount Meru, Mount Kilimanjaro, Mount Longonot na mingineyo kutoka nchi zote tatu. Gelai ni mlima wa kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Natron. Mwenzake aliyenusurika, namba 5930, anaitwa Mount Shengena, kwa jina la kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare. Hivyo injini mbili pekee zilizobaki zinabeba majina ya milima ya Tanzania na zimesimama katika mji mkuu wa Kenya. Huo ni ushahidi wa chuma kwamba zamani reli hii ilikuwa mali ya nchi tatu.

Watu wa mwinuko

Garratt ya daraja la 59 haikuendeshwa kwa kubonyeza kitufe. Saa kadhaa kabla ya safari, moto uliwashwa na maji yakaanza kupata joto polepole, kwa maana boila ikipashwa kwa pupa hupasuka viungo. Mafundi walipita na makopo ya grisi na oili, wakipaka kila kiungo kinachozunguka. Wengine waligonga magurudumu na kukaza bolti. Waliofunga mabehewa waliingia katikati ya behewa na behewa, mahali ambapo kosa dogo humgharimu mtu mkono au maisha.

Treni ilipoanza kupanda kutoka Makupa, dereva alifungua mvuke kwa kipimo. Akiufungua mwingi kwa mara moja, magurudumu yangeteleza na kuzunguka palepale. Mchanga mkavu ulimwagwa juu ya reli ili kuongeza mshiko. Msaidizi wake hakuwa na koleo la makaa, kwa sababu injini hizi zilitumia mafuta. Lakini kazi yake ilidai jicho kali. Alirekebisha mafuta na mvuke wa kuyanyunyiza kila dereva alipobadilisha mwendo, huku akiangalia kipimo cha maji cha kioo. Mafuta yakizidi, moshi mweusi ulifumba njia na mafuta yakapotea bure. Yakipungua, mvuke ulishuka na treni ikasimama mlimani, ikiziba njia pekee ya kutoka bandarini.

Safari ya Nairobi ilikuwa ndefu kupita uwezo wa timu moja. Kwa hiyo zilikwenda timu mbili: moja ikiendesha, nyingine ikilala katika behewa maalum lililofungwa kwenye treni hiyo hiyo, kisha zikabadilishana njiani. Utaratibu wa kukabidhi injini kwa watu maalum ulizaa mapenzi. Madereva walishindana kwa usafi wa injini zao, shaba iking'arishwa mpaka mtu anajiona uso. Madereva Masingasinga walipata sifa kubwa kwa jambo hilo.

Lakini ukweli wote usemwe. Katika miaka ya ukoloni, kiti cha dereva wa treni kubwa kilikuwa cha Wazungu na Waasia. Mwafrika alikuwa msaidizi, mpaka mafuta, mfungaji mabehewa, mtengeneza njia. Kupanda cheo kulidai mapambano. Mwezi Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja na wengine wa mjini, waligoma kwa pamoja wakidai mishahara na makazi bora. Chege Kibachia akawa kiongozi wao aliyejulikana zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1959 wafanyakazi Waafrika wa reli waligoma tena. Injini za daraja la 59 zilikuwa zimeshakuwa kazini miaka mitatu. Ni baada ya uhuru ndipo Waafrika wengi walipokalia kile kiti na kuitwa madereva.

Changamwe ilikua pamoja na kazi hiyo. Mwaka 1963 kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi hapa, na mafuta yaliyotoka humo yakawa sehemu kubwa ya mizigo ya kwenda bara. Mitaa ilijaa watu wa bandari, wa reli na wa viwandani: Wamijikenda, Wataita, Wakamba, Waluo, Waluhya, Waswahili wa visiwani na wageni kutoka kila pembe. Kwa familia hizo, mwendo wa treni ulikuwa sehemu ya maisha ya kila siku.

Dizeli, bomba na makumbusho

Injini za dizeli zilianza kuingia kwa nguvu miaka ya 1960. Dizeli haihitaji saa kadhaa za kupashwa moto, haihitaji maji njiani, na watu wachache zaidi wanatosha kuihudumia. Daraja la 59 halikuwa limechoka. Mashine hizi zingeweza kutumika miaka mingi zaidi. Mafundi walizifunga hata bomba la moshi la aina mpya, lililobuniwa na Mwaustria Adolph Giesl-Gieslingen, ili zivute vizuri zaidi. Bado hesabu za shirika zilielemea upande wa dizeli. Kiwanda cha Beyer Peacock kilifunga milango mwaka 1966, na kuanzia mwaka 1973 hadi 1980 injini za daraja hili ziliondolewa kazini moja baada ya nyingine.

Miaka hiyo ilibadilisha mengine mengi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli likagawanywa, na kila nchi ikabaki na chake. Mwaka 1978 bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilifunguliwa, likianzia hapa hapa Changamwe, na mafuta yaliyokuwa yakisafiri kwa mabehewa yakaanza kupita chini ya ardhi. Injini nyingi za daraja la 59 zilikatwa kuwa vyuma chakavu.

Mount Gelai na Mount Shengena ziliokolewa kwa sababu palikuwa na mahali pa kuziweka. Mwaka 1971, wakati injini hizo bado zinavuta mizigo, Fred Jordan, mtumishi wa reli, alianzisha makumbusho ya reli kando ya stesheni ya Nairobi. Kama angengoja hadi injini zote zistaafu, pengine kusingebaki kitu cha kuhifadhi. Mwanzoni mwa karne hii mafundi walifanya zaidi ya kuihifadhi Mount Gelai: waliirekebisha, wakaiwasha, na ikarudi njiani kuvuta treni za maonyesho kwa nguvu ya mvuke.

Leo msafiri wa treni wa kwenda Nairobi huondokea Miritini. Treni ya Madaraka Express ilianza safari mwaka 2017 kwenye reli mpya ya upana wa milimita 1,435, na mwaka huo huo treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ikakoma. Mwinuko ule ule kutoka pwani unapandwa sasa na dizeli juu ya madaraja marefu ya zege. Kiwanda cha mafuta cha Changamwe nacho kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013.

Kinachobaki kufanywa

Mombasa si mji usiojua kuhifadhi. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Mji wa Kale una sheria za kulinda milango na baraza zake. Ila uhifadhi huo umekuwa wa mawe, na umekuwa wa kisiwani. Historia ya Changamwe, Likoni na Kisauni ni ya kazi: ya reli, ya feri, ya daraja, ya kiwanda. Historia ya namna hiyo haina ukuta mnene wa kuilinda. Kazi inapokwisha, vifaa huuzwa, majengo hubomolewa, na wanaojua jinsi mambo yalivyokwenda hubaki na ujuzi wao kifuani mpaka wanapofariki.

Si lazima Mount Gelai iletwe Mombasa. Injini ya tani 256 inahitaji paa, mafundi na fedha, na kuitelekeza kwenye chumvi ya bahari kungekuwa kuiua. Yapo mambo matatu yanayowezekana bila gharama kubwa.

La kwanza, stesheni ya Changamwe iwekewe bango la kudumu, kwa Kiswahili, linaloeleza reli iliyopita hapa tangu mwaka 1896, injini zilizoupanda mwinuko huu na watu waliozihudumia. La pili, shule za sekondari za Changamwe, Kisauni na Likoni ziwape wanafunzi wa historia kazi ya kuwahoji wazee wa reli, wa feri na wa bandari, na kurekodi sauti zao. Mtu aliyeanza kazi akiwa na miaka ishirini mwaka 1960 amezaliwa mwaka 1940. Wenye kumbukumbu za mvuke wanazidi kupungua. La tatu, rekodi hizo zipelekwe kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, ili mgeni anayesimama mbele ya Mount Gelai asikie pia sauti ya mtu aliyeitia mafuta.

Ombi la mwisho ni kwa familia zilizomo humu ukumbini. Kama babu alikuwa mtu wa reli, tazameni kwenye masanduku. Kitambulisho cha kazi, hati ya mshahara, beji ya kofia, taa ya ishara, picha ya timu imesimama mbele ya injini: msivitupe, wala msimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya kilo. Andikeni nyuma ya picha majina ya waliomo, mwaka na mahali. Kisha mwende mkamuulize mzee, ikiwa bado yupo, na mkae naye mpaka amalize.